Mwongozo kamili: jinsi ya kuisoma mechi ya mieleka mpaka uweze kumwelezea mtu asiyeipenda

Wasee, hii naandika kwa sababu nimechoka. Kila wiki kwa grupu yetu naomba mtu mmoja aandike mechi aliyoangalia, si lazima iwe ndefu, na kila wiki napata kitu kile kile: "manze hiyo mechi ilikuwa moto, jamaa alipigwa finisha tatu na bado akaamka, nyota tano." Nikiuliza moto ulikuwa wapi, kimya. Halafu anaingia msee mmoja anasema "si hiyo ni uongo tu," na grupu nzima inawaka, matusi, watu wanajitoa, na mpaka asubuhi hakuna hata mmoja amemjibu.

Si ati hampendi mieleka. Mnaangalia mapigo, na kazi yenyewe iko katikati ya mapigo. Zile sekunde nane jamaa amelala anapapasa kamba, zile tatu mwenzake anasimama kuangalia watu badala ya kumaliza kazi, hapo ndio mechi inatengenezwa na hapo ndio wengi wenu mnafungua simu kujibu meseji.

Ukifuata hizi hatua utaweza kumwelezea mtu asiyejua mieleka mechi moja kwa sentensi tano, bila kutaja finisha yoyote (yale mapigo ya kumaliza mechi), na yeye akuulize "alafu ikawaje?" Akiuliza hivyo umefaulu. Akisema "sawa" na kurudi kwa simu yake, rudi hatua ya nne.

## Vitu unahitaji

Mechi moja nzima. Nzima, tangu muziki wa kwanza mpaka mshindi anaondoka. Si vipande vya dakika mbili vya TikTok. Ya dakika kumi na tano hadi ishirini na tano inatosha.

Bando ya kutosha ama mahali pa waifai. Utaiangalia mara tatu, so kama unaweza kuipakua kihalali ipakue, maanake ikianza kuzunguka-zunguka katikati utaharibu kila kitu.

Hedifoni, daftari na kalamu. Usiandike kwa simu ile ile unaangalilia. Nimejaribu, haiwezekani.

Mtu mmoja asiyefuata mieleka. Mama, jirani, mwenye kinyozi, yeyote. Huyu ni wa mwisho, lakini mtafute mapema.

Mechi ya mazoezi nitakayotumia ni ya Bret Hart na Steve Austin, WrestleMania 13 (onyesho kubwa la mwaka la WWE, kampuni ya mieleka ya Marekani), tarehe 23 Machi 1997, pale Rosemont nje kidogo ya Chicago. Nimeichagua kwa sababu inaonyesha karibu kila kitu nitakachosema, na kwa sababu haina ngazi wala meza za kuvunjwa zikuchanganye.

## Maneno matano kabla tuanze

Steringi na adui mnajua, ni kama kwa filamu za kibanda cha vidio. Steringi ndiye tunataka ashinde, adui ndiye tunataka apigwe.

Kuuza ni kufanya pigo la mwenzako lionekane limeingia. Wenyewe wa kazi ndio wanaita hivyo, na ni neno zuri kwa sababu ukiuza vibaya hakuna anayenunua.

Mbili na nusu ni pale jamaa amebanwa mabega chini, refa amehesabu mbili, mkono uko njiani kwa tatu ambayo ndio ushindi, na bega linainuka.

Kutua ni kuanguka kwa ufundi. Hii tutaiongelea sana huko chini na kuna onyo lake.

## Hatua ya 1: Chagua mechi ya watu wawili tu

Mmoja kwa mmoja, hakuna kizimba cha chuma, hakuna ngazi, hakuna watu thelathini.

Sababu ni kwamba vyombo vinaficha ufundi. Mtu akirushwa kutoka juu ya kizimba, kama yule mpiganaji Mankind pale Pittsburgh mwaka wa 1998, utashtuka hata kama hujui chochote, na huo mshtuko hautakufundisha kitu juu ya mechi ya kawaida ya Jumatatu ambapo watu wawili wanapewa dakika kumi na mbili na ulingo mtupu. Hao ndio wa kusomwa. Ulingo wa WWE ni futi ishirini kwa ishirini, yaani kama sebule na jikoni ya nyumba ya Eastlands ukitoa ukuta, na ndani ya hiyo nafasi ndogo wanatakiwa kukufanya usahau una njaa.

Onyo: usichague mechi ya mtu unayemwabudu. Utamtetea badala ya kumsoma. Mimi mpaka leo siwezi kuandika mechi ya Eddie Guerrero bila kupotea.

## Hatua ya 2: Iangalie mara ya kwanza kama shosho

Shosho yangu hakuwa anaelewa hata neno moja la hao watangazaji. Hakujua majina ya mapigo, hakujua mkanda ni wa nini. Lakini kabla dakika mbili ziishe alikuwa anajua nani mwizi hapo ndani, na refa akigeuka adui akachomoa kitu kwa suruali, shosho alikuwa anasimama kwa kiti anapigia TV kelele, "We! Angalia nyuma! Huyu refa ni kipofu?" Alikuwa anaisoma mechi vizuri kutushinda sisi sote, na sisi ndio tulikuwa tumekariri majina.

So raundi ya kwanza weka kalamu chini. Kaa, angalia. Kitu kimoja tu: moyo wako ukiruka, ama ukijipata umesogea mbele kwa kiti, tupia jicho saa ya vidio na uandike hiyo dakika peke yake. Usiandike kwa nini.

Hizo namba utazihitaji baadaye kwa sababu ndio ushahidi pekee wa kile mechi ilikufanyia wewe kabla hujaanza kujifanya mjuaji.

Onyo: usisome nyota za watu kabla. Ukishajua kuna mtu maarufu ameipa tano, moyo wako utaruka mahali umeambiwa uruke.

Umefaulu kama: una dakika kati ya tatu na nane kwa daftari. Ukipata ishirini ulikuwa umekunywa kitu, ukipata sifuri tafuta mechi nyingine, hiyo imekushinda ama wao ndio walishindwa.

## Hatua ya 3: Zima sauti uangalie miili

Hii ndio hatua watu huruka, na ndio yenye utamu wote, so nitakaa hapa kidogo.

Rudisha mwanzo, weka kimya kabisa. Bila watangazaji kukwambia nini ni kubwa, utaanza kuona vitu hujawahi kuona. Angalia hivi:

Miguu. Mtu mzuri kwa hii kazi hatembei ovyo. Kila akisimama amesimama mahali, na karibu kila mara uso wake umeelekea upande mmoja wa ulingo, kwa sababu huko ndiko kamera kubwa isiyohama iko. Ukiona jamaa anamfunga mwenzake mguu halafu wanazunguka polepole kabla akaze, usishangae, wanatafuta upande wa kamera ili uone uso wa mwenye anaumia.

Mkono gani, mguu gani. Marekani wanafundishwa kushika upande wa kushoto wa mwili, mkono wa kushoto, mguu wa kushoto. Kule Mexico kwa lucha libre ni kulia. Kwa nini kuwe na sheria kama hiyo? Kwa sababu watu wawili ambao hawajawahi kukutana wanaweza kuingia ulingoni usiku huo huo na kila mmoja akajua mwenzake atatoa mkono upi. Ni kama kuendesha gari, mkishakubaliana upande hamgongani.

Midomo. Ukiona wawili wameshikana shingo na mmoja kaficha uso kwa bega la mwenzake, hapo mara nyingi wanaongea, wanapangana kinachofuata. Refa naye ana kifaa sikioni, anapewa dakika zilizobaki na anawapelekea ujumbe akijifanya anauliza kama mtu amekubali kushindwa. Ukishaijua hii utamheshimu sana refa.

Kutua. Mtu akitupwa, angalia kidevu. Kimeingia kifuani, ndio kisogo kisigonge. Mgongo unafika chini wote mara moja ili pigo lisambae, mikono inapiga turubai pembeni, pumzi inatoka. Chini ya hiyo turubai kuna sponji nyembamba, halafu mbao, halafu vyuma. Hakuna godoro. Hiyo kelele unasikia ni ya mbao kweli zinapigwa na mgongo wa mtu kweli, na anafanya hivyo mara nyingi kwa mechi moja, usiku mwingi kwa mwaka.

Onyo, na hili si la utani: usijaribu. Nikiwa darasa la sita huko Umoja tuliweka godoro mbili sakafuni, mimi nikapanda juu ya kitanda cha ghorofa, binamu yangu akalala chini, tukakubaliana kabisa vile nitatua. Nilivunja mfupa wake wa juu ya kifua, karibu na bega, na kichapo nilichopata kwa mamangu sitakiandika hapa. Na sisi tulikuwa watoto, sawa, lakini hebu angalia hata wenyewe: Steve Austin huyu huyu wa mechi yetu ya mazoezi, miezi minne na kitu baadaye kwa SummerSlam 1997, alipinduliwa kichwa chini na Owen Hart, mtu mwenye ufundi wa hali ya juu, kichwa kikatangulia kwa turubai kwa kosa la inchi chache tu, na Austin akalala hapo hawezi kusongeza mwili. Alirudi, lakini ile shingo haikupona vizuri, na mwaka wa 2003 akaacha kupigana akiwa hata hajafika arobaini. Kosa la inchi chache, kati ya mafundi wawili.

So mtu akikwambia ni uongo, sasa unajua pa kuanzia. Mshindi amepangwa, ndio, hatubishani. Mbao hazijapangwa.

Umefaulu kama: umeweza kutaja angalau mara moja ambapo mmoja alimlinda mwenzake. Mkono ulioshika kichwa wakati wa kumwangusha, mguu uliopiga chini kutoa kelele badala ya kumpiga mtu mbavu kweli, kitu kama hicho.

## Hatua ya 4: Ikate vipande

Bado raundi ya pili. Sasa chukua daftari, chora masanduku sita kwa mstari: mwanga, kukatwa, mateso, tumaini, kufufuka, mwisho.

Mwanga ni pale mwanzo steringi anamzidi adui, watu wanafurahi. Kukatwa ni lile tukio moja linageuza mambo, mara nyingi kwa wizi: kidole kwa jicho, refa amezibwa, mtu amevutwa nywele. Mateso ni adui akimnyanyasa steringi, na hii ndio huwa ndefu. Tumaini ni yale majaribio madogo ya steringi kuinuka ambayo yanazimwa. Kufufuka unakujua, ni pale mtu anaanza kuangusha kila anayemkaribia na wewe umesimama kwa kochi.

Jaza dakika za kila sanduku. Halafu weka zile dakika za hatua ya pili juu yake.

Mara nyingi utaona moyo wako uliruka kwa tumaini na kufufuka, lakini sababu iko kwa sanduku la mateso, lile uliona linakuboa. Ukilifupisha, kufufuka kunakuwa mtu tu anarukaruka. Mechi za timu za watu wawili wawili zinaonyesha hii wazi kabisa: jamaa amefungiwa kona ya maadui dakika saba, anatambaa, mwenzake amenyoosha mkono aguswe ndio aingie, vidole vimebaki inchi mbili, anavutwa mguu arudi, na ukumbi wote unapiga kelele ya uchungu. Mkono ukiguswa mwishowe, huyo anayeingia hata akipiga ngumi za kawaida tu atashangiliwa. Watu wanalipia yale mateso.

Onyo: si kila mechi ina masanduku yote. Mechi za Japani haswa zinaweza kukataa huu mpango kabisa, na hata za Marekani zingine zinaanza kwa mateso moja kwa moja. Ukikosa sanduku andika "hakuna," usilazimishe.

## Hatua ya 5: Fuata kiungo kimoja

Chagua sehemu ya mwili iliyopigwa sana uifuate mpaka mwisho. Kwa mechi ya mazoezi ni mguu wa Austin. Bret anauvuta, anaukanyaga, anafika mahali anauzungusha kwa nguzo ya ulingo na kujining'iniza nje akiuvuta.

Uliza: mguu unakumbukwa? Austin akiinuka dakika tano baadaye anatembea vipi? Akipiga teke, analia yeye ama anayepigwa?

Hapa ndio wengi wa siku hizi wanaanguka, na sitataja majina maanake mtanivamia. Jamaa anapigwa goti dakika kumi, halafu anapanda kamba ya juu kama hakuna kitu, anaruka, anatua kwa miguu miwili, anakimbia. Basi zile dakika kumi zilikuwa za nini? Alituibia. Ni kama mtu akuambie stori ya vile alikosa fare akatembea kutoka tao mpaka Kayole, halafu katikati aseme alishukia kituo gani.

Umefaulu kama: unaweza kusema kiungo kilipigwa dakika gani, kikasahauliwa ama kukumbukwa dakika gani, na kilichangia mwisho vipi.

## Hatua ya 6: Geuza simu chini usikilize

Raundi ya tatu. Skrini iangalie meza, hedifoni masikioni. Utajiona mjinga dakika mbili za kwanza, vumilia.

Watu wa ukumbini ni mpiganaji wa tatu. Andika wakipiga kelele, wakinyamaza, wakizomea. Halafu linganisha na kile kilichokusudiwa, kwa sababu wakati mwingine watu wanakataa waliyopangiwa.

Kwa hili achana kidogo na Bret na Austin, tafuta The Rock na Hulk Hogan, WrestleMania X8, 17 Machi 2002, SkyDome ya Toronto, watu 68,237. Hogan aliingia kama adui. Na adui haswa, wiki chache kabla ilionyeshwa akiendesha lori kubwa na kugonga ambulansi iliyombeba Rock. Umepangiwa umchukie. Lakini wale watu wa Toronto walikuwa wamekulia na Hogan, na kengele ilipolia wakamshangilia yeye, wakamzomea Rock. Sasa sikiliza vile hao wawili walifanya: hawakukazana na mpango. Hogan akarudia zile ishara zake za zamani, Rock akaanza kupiga kwa ukali zaidi, akakubali kuzomewa. Waligeuka mbele ya macho yako, katikati ya kazi, na mtu anayeangalia mapigo tu atakwambia hiyo mechi haikuwa na ufundi kwa sababu Hogan alikuwa mzee na polepole. Ndio alikuwa polepole. Na mikononi mwa hao wawili watu elfu sitini na nane walikuwa wanapelekwa kama ng'ombe wa mtu mmoja.

Kimya nacho kiandike. Tarehe 6 Aprili 2014, New Orleans, Brock Lesnar alipomshinda Undertaker ambaye alikuwa ameshinda mara 21 bila kupoteza kwa WrestleMania, mkono wa refa ulipiga tatu na uwanja ukawa kama nyumba stima imepotea. Hakuna aliyejua ashangilie nini.

Onyo: kwa vipindi vya TV vilivyorekodiwa, kelele inaweza kuongezwa baadaye. Amini zaidi matukio ya moja kwa moja.

## Hatua ya 7: Soma mavazi, muziki na kamera

Hapa nitapita haraka, kwa sababu hii mnaijua hata kama hamjui mnaijua. Glasi inavunjika kwa spika, ni Austin. Kengele nzito inalia na taa zinazima, ni Undertaker, na anatembea polepole makusudi ili ukubwa wake ukuingie. Muziki unakwambia mtu ni nani kabla hujamwona.

Lakini angalia vitu vidogo pia. Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, tarehe 7 Aprili 2019 anachukua mkanda wa ubingwa wa WWE kutoka kwa Daniel Bryan baada ya miaka kumi na moja kwa hiyo kampuni. Bryan alikuwa adui mwenye kujifanya mlinzi wa mazingira na alikuwa ametupa mkanda wa ngozi akatengenezewa wa katani na mbao. Kofi aliposhinda, marafiki zake hawakumpa ule wa Bryan, walimtolea ule wa kawaida, uliokuwepo kabla Bryan aubadilishe. Hakuna mtu aliongea, hakuna ngumi ilirushwa, na mimi hapo ndio nililia, saa hiyo huku kwetu kunakaribia kucha na nina kazi asubuhi.

Kwa kamera, fanya zoezi hili: chagua dakika moja ya mapigo ya haraka uhesabu picha imebadilika mara ngapi. Chukua mechi ya WWE ya 2018 hivi, halafu ya 2024. Kevin Dunn, aliyesimamia utayarishaji wa TV yao kwa miaka mingi, aliondoka mwisho wa 2023, na mtindo wake ulikuwa kukata picha kila pigo likiingia na kutikisa kamera. Ukihesabu mwenyewe utaona tofauti. Kukata kunaficha pigo lililokosa, lakini kunaficha pia lililoingia vizuri, na macho yanachoka bila kujua kwa nini.

## Hatua ya 8: Andika sentensi tano

Sasa kalamu. Sentensi tano tu: nani anataka nini, nini kinamzuia, mateso yanaonekana vipi, nini kinageuka, inaishaje. Marufuku jina la pigo. Marufuku "moto," "noma" na nyota.

Hivi ndivyo huwa naletewa: "Austin na Bret wamepigana sana, damu mob, Sharpshooter kali, mechi bora ya wakati wote."

Na hivi ndivyo nataka:

"Bret ndiye steringi, Austin ndiye adui, na mechi haiishi mpaka mmoja akubali kwa mdomo ama kwa mkono kwamba ameshindwa. Bret anaugeukia mguu wa Austin na anaurudia mpaka kila Austin akiinuka wewe ndio unaskia uchungu. Katikati unaanza kuona mwenye anapigwa haombi huruma, na mwenye anapiga anazidi kuwa katili. Mwisho Austin amekunjwa miguu, damu imefunika uso, anapiga kelele kabisa lakini mkono haugongi chini, mpaka anazimia na refa anasimamisha. Kengele imelia na Bret bado anampiga, watu wanamzomea, na Austin anakataa kushikwa mkono, anatoka akichechemea peke yake huku wakimshangilia."

Umeona? Waliingia mmoja steringi mmoja adui, wakatoka wamebadilishana viti, na hakuna aliyesimama kwa maiki kutangaza hivyo.

Msomee yule mtu wako asiyefuata mieleka. Usimwonyeshe vidio kwanza. Soma tu, unyamaze. Mimi hii nilimsomea jirani yangu, mama mmoja wa makamo anayeuza viatu Gikomba, na alichouliza ni, "Na huyo mwingine alijua amekuwa mbaya?" Sijawahi kusikia swali zuri kama hilo kwa grupu yetu.

## Makosa nitayaona tena wiki ijayo

Kuhesabu mbili na nusu kama magoli. Nyingi si nzuri, zinazidi kushuka bei. Ukitaka kuona zikitumika vizuri nenda kwa Randy Savage na Ricky Steamboat, WrestleMania III, 29 Machi 1987, chini ya dakika kumi na tano, na ziko nyingi lakini kila moja inatoka kwa njia tofauti, huwezi kubahatisha ni ipi ya mwisho.

Kusema mechi ni mbaya kwa sababu mtu wako ameshindwa. Hapana.

Kuangalia moja kwa moja usiku na kuandika saa hiyo hiyo. Raw, kile kipindi cha Jumatatu cha WWE, ikianza saa mbili usiku kule New York, huku ni saa tisa usiku, na msimu wao wa baridi ni saa kumi. Uko na usingizi, kila kitu kitakuwa nyota tano. Lala, amka, fanya raundi ya pili jioni ukitoka job.

Na kunitumia sauti ya dakika nane kwa WhatsApp badala ya kuandika. Sentensi tano. Ya wiki hii ni hiyo ya Savage na Steamboat, kiungo cha kufuata ni koo la Steamboat, kwa hadithi yao Savage alikuwa amelivunja kwa kengele ya ulingo miezi kadhaa kabla, so kengele ikitokea tena karibu na mwisho angalia mikono ya kila mtu. Nangoja Ijumaa.